Kasuku Wake, Nyaya Zangu

Jumapili, 2 Machi

Mke wangu ameondoka leo asubuhi. Kozi ya wauguzi, mji mwingine, zaidi ya mwezi. Nimembebea begi hadi stendi, nimesubiri basi liondoke, nimerudi.

Mimi si mtu wa kuandika. Kazi yangu ni redio, amplifaya, spika – chochote chenye waya kilichogoma kuimba. Ila nimezoea kumsimulia mke wangu kila jioni yaliyonikera mchana, naye husikiliza huku amenyoosha miguu juu ya kiti cha pili. Leo kiti kipo, miguu haipo. Kwenye simu huwezi kulalamika vizuri, mara mtandao unakatika pale pale utamu ulipo. Basi nitalilalamikia daftari.

La kwanza: kasuku. Wawili, kijivu, mikia myekundu. Mdogo ni Chokochoko, na jina alipewa kwa haki, mdomo wake haujui kukaa bure. Mkubwa ni Hakimu. Huyo hutazama tu, kwa jicho moja, kama anayesubiri upande wa utetezi umalize. Husema maneno mawili: 'Funga mlango.' Anayasema kwa sauti ya marehemu baba mkwe, sawasawa kabisa, mpaka mara ya kwanza nilisimama na kufunga. Mke wangu anasema Hakimu hajifunzi neno mpaka limemwingia moyoni, na likishaingia halitoki.

Alikuja nao siku ya ndoa. Wengine huja na masanduku, alisema, mimi naja na hawa. Watoto hatujajaliwa. Siku moja akaniita 'Baba Chokochoko', kwa utani, mbele ya wageni. Nikamwambia mimi si baba wa ndege. Hajarudia tena.

Shemeji – dada yake mkubwa – alitaka kuwachukua kipindi hiki. Ana tundu kubwa barazani. Akasema mbele yangu kwamba nyumba ya fundi wa umeme ni machinjio ya ndege. Lilinichoma hilo! Nikasema hawaendi kokote, nitawatunza mwenyewe. Mke wangu alitutazama wote wawili. Kisha akasema sawa, anawaacha. Lakini wakidhurika kwa nyaya zangu, wanahamia kwa dada siku hiyo hiyo, naye hajui ataniamini vipi tena kwa jambo lolote.

Na sharti moja. Kabla ya kufungua tundu, chomoa kila kitu ukutani. 'Si kuzima, Fundi. Kuchomoa.'

Nimemwambia anamfundisha samaki kuogelea.

Jumatatu, 3 Machi

Kuwafungia ndani ya tundu kutwa haiwezekani. Mwaka jana Hakimu alifungiwa siku chache tulipopaka rangi, akajing'oa manyoya ya kifua akabaki kama kuku wa sokoni. Lazima watoke asubuhi na jioni. Chumba cha kulala dirisha halina wavu. Jikoni kuna moto. Inabaki sebule, na sebule ndiyo karakana yangu. Meza mbili, na chini yake nyaya kama mizizi.

Nimechomoa: spika, redio tatu, pasi ya kulehemu, taa ya meza, feni, chaja, tivii. Nimefagia matone ya risasi ya kulehemu, maana nayo ni sumu kwao. Nimefungua tundu. Chokochoko hakutazama mbegu, hakutazama dirisha. Moja kwa moja kwenye waya wa chaja, kak, kak, vipande viwili! Safi kuliko koleo langu.

Ilikuwa imechomolewa. Nimekaa kwanza.

Baadaye nimechomeka vyote tena. Jioni nimechomoa. Mgongo unauma.

Jumatano, 5 Machi

Jirani wa chini ana mtoto anayetambaa. Nimekutana naye kwenye ngazi nikamwuliza yeye anafanyaje na nyaya. Akasema amepandisha kila kitu juu, mtoto hafiki.

Akili! Nimefunga kazi za wateja, nimepanda ngazi, nimegongelea vishikizo ukutani karibu na dari, nimepitisha nyaya zote huko. Kazi ya siku nzima. Zimenyooka kama mistari ya daftari. Sakafu imebaki wazi, hata nilitamani mtu aje aone.

Nikachomoa, nikafungua tundu. Wote wawili wakaruka mpaka darini, wakatua kwenye nyaya, bega kwa bega, Chokochoko akaanza kutafuna kishikizo cha kwanza.

Mtoto anatambaa. Ndege anaruka. Nimehitaji pakiti nzima ya misumari kuligundua hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeteremsha nyaya. Sitaki kuongea.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekumbuka jinsi mama alivyotuachisha kunyonya vidole – pilipili. Nimetwanga kavu, ile kali ya kuwasha masikio, nimechanganya na mafuta, nimepaka kila waya. Mwenyewe nilipiga chafya mpaka machozi. Nikasema leo mtu atanikoma.

Chokochoko akaonja. Akainua kichwa. Akaonja tena. Kisha akashuka na waya mzima, kutoka plagi mpaka mwisho, analamba kama mtoto na kijiko cha asali, akahamia waya wa pili. Hakimu, ambaye hajawahi kugusa waya maishani mwake, akaja naye kujua kuna nini.

Nimempigia daktari wa mifugo. Alicheka mpaka akaomba nisubiri. Pilipili haiwawashi ndege hata kidogo, anasema. Ninyi ndio mnaolia, wao wanakula kama njugu. 'Umewatengea meza, fundi.'

Halafu nikajifuta jicho kwa kidole kile kile. Sina la kuongeza.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja. Bila taarifa, bila shaka! Jicho langu moja jekundu limevimba, sebule inanuka pilipili, ukuta una matundu ya misumari mpaka juu.

Akasimama katikati ya chumba, mkoba kwapani, akazunguka kwa macho tu.

– Shemeji, hapa pamepigwa vita?

– Ni matengenezo.

– Na jicho?

– Vumbi.

– Vumbi la pilipili?

Nikamkaribisha kiti. Akakaa ukingoni, kama mtu asiyetaka kiti kimzoee. Chokochoko alikuwa ndani ya tundu, akamwambia 'Karibu, fundi yupo', kama anavyowaambia wateja. Shemeji akamwambia mwanangu, pole. Kisha akanigeukia, sasa bila utani. Akasema hanichukii. Lakini ndege hawa mdogo wake aliwapokea mkononi mwa baba yao, wiki ya mwisho, naye baba alikuwa hawezi tena kushika kijiko. 'Kwako ni ndege. Kwa mwenzio ndiyo sauti ya baba iliyobaki. Kushindwa si aibu, shemeji. Niambie tu nije na gari.'

Nikasema sijashindwa. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Akaondoka, akaacha mfuko wa mbegu za alizeti mezani.

Hilo la kijiko sikulijua. Miaka yote hii mke wangu hakunisimulia, au alinisimulia mimi nikiwa nasikiliza spika ya mtu.

Jumatano, 12 Machi

Leo kimepatikana kitu. Nimenunua mpira mgumu wa kumwagilia maji, nimeupasua kwa urefu, nimevisha kila waya, nimefunga kwa vibanio. Chokochoko kajaribu pande zote, mdomo unateleza. Kaninunia.

Pia nimemtundikia kamba ya katani na vipande vya mbao laini. Mdomo lazima ule kitu, basi ule hivyo. Mbao moja kaimaliza kabla sijanywa chai. Naona mantiki yake – na yeye ni fundi, ila kazi yake ni kubomoa.

Naendelea kuchomoa, asubuhi na jioni. Ila mteja akija ghafla inakuwa kiguu na njia: chomeka, jaribu redio, chomoa.

Jumapili, 16 Machi

Nimetengeneza kisanduku. Lazima nikielezee maana ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Ni cha mbao, kimepigwa msasa na vanishi. Ndani soketi zote za karakana. Juu swichi moja kubwa nyekundu yenye taa. Waya mmoja tu, mnene, unatoka kisandukuni, unapita nyuma ya kabati, unaingia ukutani. Ukibonyeza swichi, karakana nzima inalala. Nimepima kila soketi kwa tesita – hakuna kitu, zimekufa zote. Hakuna tena kuinama wala kuchomoa. Bonyeza, fungua tundu, basi.

Nimemsimulia mke wangu kwenye simu. Alikuwa amechoka, ametoka wodini, lakini alisikiliza yote. Akauliza: na plagi ya ukutani? Nikamwambia iko nyuma ya kabati zito, hafiki mtu hapo, sembuse ndege. Kisha akasema haya, wewe ndiye fundi.

Nimefurahi. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki nzuri. Kazi zinakwenda. Bonyeza, fungua, funga, bonyeza.

Chokochoko amejifunza kubisha hodi. Anagonga kijiti mara tatu, mimi naenda mlangoni, hakuna mtu. Nikirudi anasema 'Karibu, fundi yupo'. Nimekwenda mlangoni mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa.

Nikifanya kazi kwa tochi ya betri, umeme umezimwa, anakaa begani. Nikishika bisibisi anaikagua kwanza. Harufu yake ni ya vumbi jepesi na alizeti. Leo nimegundua namkuna kichwa huku nafikiria mambo mengine, na sijui nimeanza lini.

Na Hakimu – Hakimu! – ameshuka leo akasimama kwenye goti langu. Hakusema kitu, hakutaka kitu. Alisimama tu kidogo, akaondoka. Sikuthubutu kukohoa.

Namkumbuka mke wangu. Nimewaambia na wao. Chokochoko kaitika 'ehee', kwa sauti yake yeye, mke wangu, vile anavyoitikia akiwa anawaza mengine.

Jumanne, 25 Machi

Naandika ili mikono itulie.

Asubuhi nilidondosha skrubu ndogo ya redio ya mteja, ikaviringika chini ya kabati. Nikalivuta kabati, nikaipata, nikalisukuma nyuma – si mpaka mwisho. Ilibaki nafasi ya upana wa kiganja. Mteja alikuwa mlangoni anauliza tayari? Nikasema tayari.

Alipoondoka nikabonyeza swichi. Taa nyekundu ikazimika. Nikafungua tundu. Nikaenda kuosha mikono.

Nilisikia mlio mfupi, kama kiberiti kinapowashwa. Kisha kitu kuanguka. Kisha Hakimu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa ndege yeyote.

Chokochoko alikuwa nyuma ya kabati, chali, kucha zimekunjwa. Alikuwa ameuma ule waya mnene, unaotoka ukutani kwenda kisandukuni. Sikuuvisha mpira, maana hafiki mtu hapo. Na swichi haiugusi! Swichi inazima kisanduku, haizimi kilicho nyuma yake. Kisanduku kilikuwa kimelala, waya wake uko macho, kama ulivyokuwa macho tangu siku nilipouchomeka. Hili nalijua. Nimewaambia wateja mara ngapi – kuzima si kuchomoa. Na mke wangu aliniambia mimi.

Sikumgusa. Mikono ilitaka, nikaikataza. Nililisukuma kabati kwa bega, nikachomoa plagi kwanza. Halafu nikamchukua. Mwepesi! Kukaa begani kote kule sikujua kama ni mwepesi hivyo. Hapumui. Nikamfikicha kifua kwa kidole gumba, nikampulizia puani, nikamfikicha tena. Sijui nilifanya kwa muda gani. Jirani wa chini alipanda mbio, mtoto kiunoni, akasimama mlangoni mdomo wazi. Ndiye aliyeniambia baadaye kwamba nilikuwa napiga kelele, nyumba nzima imesikia: 'Usinifie, mwanangu! Usinifie!' Anasema alidhani nina mtoto humu ndani.

Kisha kifua kikapanda. Mara moja. Nikangoja. Kikapanda tena.

Nimempeleka kwa daktari nimemweka ndani ya shati. Ulimi umeungua, na pembe ya mdomo imemeguka, imekuwa nyeusi. Daktari hakucheka safari hii. Anasema kuungua si neno, la kuogopa ni mapafu. Ndege akipigwa na umeme mapafu huweza kujaa maji baadaye, siku ya pili hata ya tatu, wakati wewe umeshashukuru. Nimpe joto, nimpe uji mwepesi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nisikilize anavyopumua.

Nasikiliza.

Jumatano, 26 Machi

Anapumua. Hataki kula. Nimemminyia uji kidogo pembeni mwa mdomo, nusu umemwagika. Kazi za wateja nimezifunika shuka. Karakana yote imechomolewa. Kisanduku nimekitoa nje, kwenye ngazi, sitaki kukiona.

Hakimu hasogei. Amejibana upande wa tundu ulio karibu na kikapu cha mgonjwa, ananitazama.

Mganga hajigangi, wanasema. Sawa. Lakini mganga hamuui mgonjwa wa mwenzake.

Alhamisi, 27 Machi

Amemeza! Bomba zima. Kisha akanitapikia mkononi. Kisha akameza tena.

Daktari amemsikiliza kifua. Kiko safi, mpaka sasa. Nikatoka pale nikakaa kwenye ngazi za duka la jirani yake nikalia kama mjinga. Mwuza duka akanipa maji, hakuniuliza kitu.

Jumamosi, 29 Machi

Mke wangu alipiga. Mtihani wake wa mwisho ni Alhamisi. Sauti imekauka, halali, anasoma. Akasema ana hamu na wanawe, nimpe Chokochoko asikie sauti yake.

Nikasema amelala.

Mchana? akauliza.

Nikasema jua kali, wote wamesinzia. Akacheka, akasema basi nimbusu kwa niaba yake, hata kama si mwanangu.

Chokochoko alikuwa kwenye mapaja yangu wakati ule ule, macho wazi. Hawezi kusema. Akifungua mdomo unatoka mlio kama bawaba kavu ya mlango. Daktari anasema sauti itarudi, labda, si yote.

Ningemwambiaje leo? Angepanda basi usiku huu huu, na mtihani angeuacha. Hiyo ndiyo sababu. Nimeiandika hapa niione vizuri. Ni sababu ya kweli. Lakini si yote, na aliye peke yake na daftari hana haja ya kujidanganya: naogopa. Naogopa shemeji na gari lake. Naogopa tundu litakapotoka mlangoni. Zaidi naogopa uso wa mke wangu atakapojua kwamba alinipa neno moja tu la kushika, nami nikalizungushia vanishi.

Nitamwambia Alhamisi, akishatoka mtihani.

Jumatano, 2 Aprili

Chokochoko amekula mbegu iliyolowekwa. Amepanda kijiti mwenyewe. Amejaribu kubisha hodi – amegonga mara mbili, akachoka.

Nilikuwa nafagia. Nyuma yangu mtu akasema, taratibu, kwa sauti yangu:

'Usinifie, mwanangu. Usinifie.'

Fagio liliniponyoka. Hakimu, juu ya tundu. Jicho moja kwangu. Hakupiga kelele kama nilivyopiga mimi. Alisema chini chini, kama mtu anayemsomea mwenzake jambo aliloandika. Lakini sauti ni yangu, hata ule mkwaruzo wa koo.

Miaka yote hii maneno mawili. Sasa ana haya.

Alhamisi, 3 Aprili

Alipiga jioni. Amemaliza! Anaamini amefaulu, alikuwa anacheka na kulia pamoja, wenzake wanaimba nyuma yake. Nilifungua mdomo mara mbili. Si katikati ya wimbo. Nikampongeza.

Nikasikia Hakimu anaanza 'Usini–' nikakimbilia jikoni na simu, nikafunga mlango. Mke wangu akauliza ni nani huyo. Redio ya mteja, nikasema.

Njia ya mwongo fupi. Yangu sasa inaishia mlango wa jikoni.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimejaribu kumfundisha Hakimu neno jingine. Nimekaa mbele yake na alizeti mkononi. 'Habari za safari. Habari za safari.' Muda mrefu, mpaka mwenyewe nikaanza kuitikia nzuri. Akala alizeti zote. Akajipangusa mdomo kwenye kijiti. Akasema 'Usinifie, mwanangu.'

Mama mmoja aliyekuja kuchukua redio yake akasikia, akasimama. Akaniuliza polepole, kama mtu aliyeingia msibani bila kujua, ni nani mgonjwa. Nikamwonyesha ndege. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema aliyemfundisha maneno hayo alikuwa na uchungu kweli kweli.

Nikamfungia redio yake kwenye gazeti. Nikamwambia nzuri, inafanya kazi.

Jumamosi, 5 Aprili

Ujumbe: anafika kesho, si Jumatano kama ilivyopangwa. Nafasi ya gari imepatikana.

Nimeamua. Kabla hajafungua begi, kabla ya chai, nitamkalisha, nitamwambia mwanzo mpaka mwisho. Kabati, skrubu, swichi, yote. Nimejisemea mbele ya kioo. Inachukua muda mfupi kuliko nilivyofikiri.

Nimefagia tena. Waya uliotafunwa nimeukata na kuutupa. Nimeurudia jalalani, nimeuchukua. Nitamwonyesha.

Jumapili, 6 Aprili

Amefika. Niko jikoni. Naandika kwa kusimama, daftari juu ya friji, kwa sababu mikono haina kazi nyingine.

Haikuwa nilivyopanga. Shemeji ndiye aliyemleta, kwa gari lake, akaingia naye mpaka mlangoni na mabegi. Ningesema nini mbele yake? Nikawaacha wakumbatiane, nikabeba mabegi. Shemeji akakataa kiti, akasema ana haraka, lakini macho yake yalizunguka ukutani kama mara ile. Hakuona kitu. Nyaya zote zimevishwa, soketi zote tupu. Akanikubalia kwa kichwa. Hata akasema, shemeji, nilikukosea. Akaondoka.

Sifa hiyo imeniuma kuliko tusi.

Tukabaki wawili. Mke wangu amekonda. Alinishika uso, akasema nimekonda mimi. Nikasema kaa, nina neno. Akasema ngoja kwanza niwaone wanangu, weka chai. Nikasema hapana, kaa kwanza. Akadhani natania, akanisukuma jikoni.

Nimewasha birika la umeme. Mlango wa sebule uko nusu wazi. Namsikia. Alianza kwa kuimba imba, vile anavyowaamsha. Chokochoko alimwitikia – kak, kavu, ule mlio wa bawaba. Akacheka: umepata mafua wewe? Njoo. Njoo nikuone.

Kisha kimya. Yeye ni muuguzi. Huangalia ndani ya midomo ya watu kutwa nzima.

Birika linaanza kunguruma. Nilitaka kuingia nikajikuta nimeshika kalamu.

Sasa hivi. Hakimu. Polepole, kila neno peke yake:

'Usinifie, mwanangu. Usinifie.'

Na tena. Sijawahi kumsikia akirudia mara mbili. Sauti yangu imejaa chumba kile, na mimi niko huku.

Kiti kimeburuzwa. Amekaa, au amesimama, sijui. Hasemi na ndege tena. Nasikia pumzi moja ndefu, mimi huku na yeye kule, na ukuta mmoja kati yetu.

Ananiita. Si 'Fundi'.

'Baba Chokochoko,' anasema. 'Njoo hapa.'

Kwa sauti ambayo siijui. Si ya hasira tu. Si ya kulia tu.

Nimezima birika. Nimelichomoa ukutani pia. Kipande cha waya kiko mfukoni. Naenda.